Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Makaro Yaliyoshindwa Kazi na Safari ya Bomba la Majitaka

Ndugu wanachama, wazee wetu, wenye nyumba na wapangaji,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti awasilishe taarifa ya kazi za umoja kila mwaka mbele ya mkutano mkuu. Hesabu za michango mtasomewa na mweka hazina, na mambo ya misiba na ulinzi shirikishi yamo katika taarifa ya katibu, hivyo sitayarudia. Taarifa yangu nimeiweka juu ya jambo moja lililochukua karibu vikao vyote vya kamati mwaka huu, nalo ni namna ya kuufikisha mtandao wa majitaka katika mtaa wetu wa kilimani hapa Mwanza, ambako makaro, yaani mashimo yaliyojengwa kupokea maji ya vyooni, yamechoka na mengine hayakupaswa kujengwa tangu mwanzo.

Tulianza na upimaji. Kabla ya masika, wajumbe walipita wawili wawili nyumba hadi nyumba wakiwa na mtaimbo wa kufungulia mifuniko na ufito mrefu uliozungushiwa kitambaa cheupe upande wa chini. Ufito ukizamishwa hadi sakafuni na kuachwa dakika chache, kitambaa hutoka na mstari unaoonyesha tope limeishia wapi na maji yameanzia wapi. Ushauri wa kitaalamu ni kwamba karo linyonywe tope likifikia theluthi moja ya kina, jambo ambalo kwa nyumba ya kawaida huwa kila baada ya miaka mitatu hadi mitano. Katika nyumba nyingi tulizopima, mstari ulikuwa umepita nusu ya kina, na wenyeji wengi hawakukumbuka karo lilinyonywa lini mara ya mwisho. Kwa mama mmoja wa upande wa chini ufito uligota mapema mno, tukadhani ni tope lililoganda. Tulipoongeza taa tukaona ni mwamba. Fundi alichimba mpaka jiwe lilipomkatalia, akajenga palepale, akafunika, akalipwa. Mvua ya kwanza ilipokuja mfuniko uliinuliwa na maji, na uani kwake kukabaki maji meusi yenye povu la sabuni, ndala za watoto zikielea hadi kwenye mafiga.

Nalieleza hili kwa kirefu kwa sababu wengi wetu tumezoea kuamini kwamba karo ni ghala la kinyesi. Kazi yake hasa ni kutenganisha: kilicho kizito huzama na kuwa tope, mafuta huelea juu, na maji ya katikati hutoka kwenda shimo la pili ambalo huyanywesha ardhini. Udongo ndio unaomalizia kazi, kwa kuyachuja maji hayo na kuua sehemu kubwa ya vimelea. Pasipo udongo wa kutosha, karo haliwezi kufanya kazi yake hata likijengwa kwa tofali za nchi sita na nondo, na sisi wa Mwanza tunaijua ardhi yetu. Mawe yaleyale ambayo wageni huyapiga picha pale kwenye mwamba wa Bismarck, ziwani, yanaendelea chini ya vyumba vyetu vya kulala, na udongo uliolala juu yake mahali pengi haufiki hata magotini. Kwa wanachama wa bondeni hali ni kinyume: udongo upo, lakini umeshajaa maji. Mwezi Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda likakipita kimo cha mwaka 1964 kilichokuwa kikisimuliwa na wazee, na mashimo ya kunyweshea yaliyo karibu na ufuko yakageuka visima.

Tungeweza kusema basi tunyonye mara kwa mara, lakini gari la kunyonya haliwezi kupanda njia zetu za ngazi na mawe, na mpira wake haufiki nyumba za katikati ya kilima. Kinachofuata kila mmoja wetu anakijua, ingawa katika vikao vyetu tulikuwa tukikizungumza kwa kunong'ona: mvua ikinyesha usiku, watu hutapisha vyoo, yaani huvifungulia vimwagike pamoja na maji ya mvua. Maji hayo hushuka kwa jirani, yakatoka kwa jirani yakaingia mferejini, mfereji ukayamwaga mtoni, na mto ukayafikisha ziwani, na ziwa hilohilo ndilo chanzo cha maji ya bomba ya jiji hili. Kinyesi kibichi kikifika ufukweni kinabeba pia mayai ya kichocho cha tumbo, ambayo huanguliwa majini, vimelea wake wakaingia kwa konokono, wakatoka na kumrudia mtoto anayeogelea. Kipindupindu cha mwaka 2015 kiliufikia mkoa wetu, na naamini hakuna mzazi aliyekuwapo ambaye anahitaji kukumbushwa.

Hapa sina budi kueleza kosa ambalo umoja huu ulilifanya chini ya uongozi wangu. Misimu miwili iliyopita, kwa nia njema na kwa michango yetu wenyewe, tuliunganisha bomba za nyumba kadhaa za ukanda wa juu, na kwa kuwa hatukuwa na pa kuzipeleka, tukaziishiliza kwenye mfereji wa mvua. Uani mwetu kulikauka. Wakazi wa mtaa wa chini wakaja kwenye kikao chetu wakiwa na ndoo ya maji waliyoyachota mlangoni kwao, wakaiweka mezani bila kusema mengi. Mwaka huu kamati iliziba bomba lile kwa zege, na kaya husika zimerudia makaro yao ya zamani kwa muda. Najua zinateseka, na ninawashukuru kwa kukubali. Tuliliondoa tatizo kwetu kwa kulipeleka kwa wenzetu, na kwa hilo nimekwenda mwenyewe kuwaomba radhi.

Sasa niseme juu ya njia iliyo sahihi. Bomba kuu la kawaida la majitaka hufuata barabara na huzikwa kina kirefu ili lihimili uzito wa magari. Kilimani kwetu barabara hakuna, na kuchimba kina hicho ni kupasua mwamba mita kwa mita. Ndiyo maana unatumika mfumo rahisi, ambao asili yake ni mji wa Natal, kaskazini mashariki mwa Brazili, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Katika mfumo huo bomba la kipenyo kidogo, milimita 100 au 150, hupitishwa uani na vichochoroni ambako gari halipiti, kwa hiyo linaweza kuzikwa kina kifupi, na chemba ndogo huwekwa penye kona na penye maungio badala ya mashimo makubwa ya kushukia mtu. Mteremko unaotutesa tukiwa tumebeba ndoo kichwani ndio unaosukuma maji bila pampu. Milima ya Igogo na Mabatini hapa jijini imeshapata mfumo wa namna hii, na wajumbe wetu walikwenda huko kuzungumza na wenyeji. Maji yakishafika kwenye bomba kuu husafiri hadi mabwawa ya kutibu majitaka yaliyoko Ilemela, ambako hupita bwawa moja hadi jingine, tope likizama na kuoza, kisha jua na mwani vikimalizia.

Wataalamu waliokuja kutembea mteremko wetu hawakulalamikia mawe hata kidogo. Swali lao lilikuwa bomba lipite wapi, na hapo ndipo mwaka wetu ulipokwama. Nyumba zetu zimebanana kiasi kwamba bomba haliwezi kushuka bila kukatiza viwanja vya watu, na kila mwenye kiwanja anatakiwa kutia saini fomu ya ridhaa. Zaidi ya nusu wametia saini. Waliobaki wana hofu ambazo siwezi kuzipuuza: wapo wanaodhani kutoa njia ni kukata kipande cha ardhi yao wakati urasimishaji wa viwanja haujakamilika, wapo waliopanga kuongeza vyumba mahali hasa bomba linapotaka kupita, na wapo wenye nyumba wanaoishi mbali, ambao simu zetu hawapokei. Kamati imekubaliana kwamba fomu iandikwe upya ikitamka wazi kuwa mwenye kiwanja anabaki na ardhi yake, kwamba asijenge juu ya bomba, na kwamba chemba iliyo uani kwake ifunguliwe mbele yake au mbele ya mtu wake. Mzee mmoja aliyekataa mara tatu alikubali alipoonyeshwa kwa kamba na chokaa kwamba bomba litapita pembeni ya mwembe wake, na kwamba mizizi haitaguswa. Nadhani tungeanza na kamba na chokaa tangu siku ya kwanza, kwa kuwa mchoro wa karatasini haukumwambia kitu.

Jambo la pili ni idadi ya watakaounganishwa. Bomba la majitaka hujisafisha kwa maji yanayopita ndani yake, na zikiunganishwa nyumba chache tu, uchafu hukaa njiani, hukauka na kuziba, kisha unaoathirika ni uani wa nyumba ya chini kabisa. Kwa hiyo hatuwezi kusema kila mtu aungane atakapopenda. Ipo gharama, na sitaificha: kazi ya ndani ya kiwanja, kutoka chooni hadi chemba, ni ya mwenye nyumba, na baada ya hapo huduma ya majitaka huonekana kwenye ankara ya maji kulingana na maji yaliyotumika, kwa bei zinazoidhinishwa na EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti huduma za nishati na maji. Wapangaji wameuliza kama gharama hiyo watatupiwa wao kwenye kodi. Ni swali la haki, na nataka wenye nyumba walijibu leo hapa mkutanoni wakiwa wamesimama, ili katibu aandike.

Kamati inauomba mkutano uamue mambo mawili. Kwanza, mfuko wa michango utoe mkopo usio na riba kwa kaya zisizoweza kulipia kazi ya ndani ya kiwanja, kuanzia na wajane na wazee. Pili, kila ukanda uchague watu wawili, mmoja wao akiwa mwanamke, watakaotunza funguo za chemba na kuwaelekeza wenzao kwamba mchanga wa kusugulia masufuria, pedi, nepi na matambara havitupwi chooni.

Fomu mpya ziko kwa katibu. Yule mama wa mwambani ametia saini yake, ingawa bomba litapita mlangoni kabisa kwake. Jumamosi wajumbe watapita tena na kamba na chokaa, wakianzia nyumba za juu, kwa sababu bila njia ya huko bomba la chini halina cha kubeba.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti