Mwanangu, usisaini kitu

Salim mwanangu,

Baada ya salamu. Jumatatu unaripoti kambini Upinniemi, na kwenye simu hunisikilizi, ndiyo maana naandika. Jeshi silihofii. Nahofia kalamu yako. Mtu akikulainisha kwa maneno mawili matatu umeshasaini, kama ulivyomdhamini yule rafiki yako mkopo wa gari.

Pale kwenye ngome ya Suomenlinna, visiwani hapa Helsinki unapokwenda kuvua, alikuwepo admirali Cronstedt wa Uswidi, enzi hizo Ufini ikiwa ya Uswidi. Mwoga hakuwa, mwaka 1790 alikuwa shujaa wa vita vya Svensksund, Warusi walipopigwa baharini. Mwaka 1808 Warusi wakarudi, bahari imeganda, wakaizingira ngome. Yeye ana askari zaidi ya 6,000 na mizinga zaidi ya 700. Wao mizinga yao ya kuhesabu. Basi wakamshika kwa mazungumzo. Wakampitishia magazeti yenye habari mbaya tupu, mpaka akaona Uswidi imeshamtupa. Tarehe 6 Aprili akasaini: zisipofika meli tano za kivita kutoka Uswidi kabla ya adhuhuri ya tarehe 3 Mei, anakabidhi ngome. Aprili, Salim! Barafu ya huku unaijua, meli zingepita wapi? Tena akatoa visiwa vitatu rehani. Meli hazikuja. Ngome ikaenda, na vyombo vya kivita vilivyokuwemo vikaenda, na mwaka 1809 Ufini yote ikawa ya Urusi.

Wapo wanaosema alihongwa. Mimi naona alichoshwa tu. Alifia hapa hapa Herttoniemi mwaka 1820, na hadi leo kuna wanaomwita msaliti.

Kwa hiyo ukiletewa karatasi usiku, umetoka mazoezini, macho mazito, sema utajibu kesho. Kisha nipigie. Hata akiwa rafiki, hata akilia. Baba yako shamba la Pongwe lilimtoka hivyo hivyo, nami nimekaa pembeni namimina chai. Tuyaache hayo.

Bibi yako Tanga anamtangazia kila mtu kwamba mjukuu wake mwanajeshi. Simkatazi, hata mimi natembea kichwa juu. Ila usisaini.

Zuhura anakitaka chumba chako, toa viatu vyako chini ya kitanda. Zamu yetu ya kufulia ni Alhamisi, ukipewa ruhusa usiniletee mfuko wa nguo chafu Jumapili usiku. Na ufunguo wa stoo ya chini umeondoka nao tena? Baiskeli ya Zuhura imo humo.

Mama yako