Barua ya malalamiko: sefu ya bastola niliyouziwa kama chuma cha milimita 4

Mji wa Kale, Mombasa
3 Juni 2025

Kwa Meneja wa Mauzo,
Mombasa.

Bwana Meneja,

KUH: SEFU YA BASTOLA NILIYONUNUA KWENU TAREHE 12 APRILI

Baada ya salamu. Naandika kuhusu sefu ya kuhifadhia bastola niliyonunua dukani kwenu Jumamosi tarehe 12 Aprili kwa shilingi 18,500. Shilingi 1,500 nyingine nilimlipa fundi wenu aliyekuja kuifunga nyumbani. Nakala za risiti zote mbili nimeziambatisha pamoja na picha sita. Nataka nirudishiwe shilingi 20,000 zangu, na nataka bango lililobandikwa juu ya sefu hizo liondolewe kabla hamjamuuzia mtu mwingine.

Tarehe 21 Mei, baada ya alasiri, mjukuu wangu wa miaka 6 alikuwa akicheza chumbani kwangu. Mimi niko jikoni, namsikia akipiga ngoma juu ya kitu cha chuma. Sikushughulika, kwani mtoto hupiga ngoma juu ya kila kitu. Mara pakawa kimya, kisha akaniita: “Bibi, imefunguka.” Nilipofika, mlango wa sefu uko wazi na yeye amesimama mbele yake. Alikuwa akiipiga juu kwa kiganja huku mkono wa pili ukichezea kishikio. Namba za siri hajawahi kuambiwa wala kuziona. Bastola ilikuwamo, imefungwa kwenye kitambaa chake. Risasi nilikuwa nimezitia ufunguo kwenye kabati jingine, na kwa hilo namshukuru Mungu kila ninaposwali. Sikulala na silaha ile nyumbani usiku huo. Niliipeleka kituo cha polisi ihifadhiwe, na huko ndiko iliko hadi leo ninapoandika.

Mdogo wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Alikuja kesho yake, akafanya kama alivyofanya mtoto, na katika majaribio matano mlango ukafunguka mara tatu. Akaning'olea kifuniko cha ndani cha mlango anionyeshe. Kumbe kinachozuia kishikio kisigeuke ni pini moja ndogo iliyosukumwa na springi, na sumaku ya umeme ndiyo huivuta pini hiyo mtu anapobonyeza namba sahihi. Sefu ikitikiswa, pini huruka yenyewe. Kishikio kikiwa kinageuzwa wakati huo huo, mlango hauna tena cha kuuzuia. Namba nilizokuwa nikizificha hata kwa mwanangu zilikuwa hazilindi kitu.

Naomba sasa ukumbuke, au umuulize kijana wenu wa mauzo akukumbushe, nilichosema siku niliyokuja. Sikuficha hali yangu. Nilimwambia nina shilingi 20,000 na sina zaidi, kwa kuwa ni mwezi wa karo na mahindi yamepanda bei. Nilimwambia nina leseni ya bastola, kwamba nimevamiwa mara mbili nikitoka soko la Kongowea na mauzo ya siku, na kwamba nyumbani kuna watoto. Nikamuuliza, kwa pesa hizi nipate nini kilicho imara, hata kama hakipendezi machoni?

Pale kando palikuwa na sefu ya kijivu, ya ufunguo mtupu, haina taa wala vibonyezo, bei yake shilingi 19,000. Niliishika mlango nikauona mzito. Kijana akaniambia hiyo ni ya kizamani, watu hawaichukui, akanivuta kwenye hii nyeusi. Akaniwashia taa ya ndani. Akanionyesha vibonyezo vinavyolia. Akanisomea bango: “Chuma cha milimita 4. Huhimili moto dakika 60. Inafaa kwa silaha.” Akanifungulia mlango na kuniambia niushike ukingo wake. Niliushika, na kweli ulikuwa mnene. Nikalipa.

Mimi, Bwana Meneja, mizani ndiyo kazi yangu kwa miaka 22 sasa. Nauza mahindi, maharagwe na pojo kwa gunia na kwa kilo, na mkono wangu haukosei sana. Hamali alipoiteremsha sefu ile kwenye tuktuk kwa mkono mmoja nilishangaa, lakini nikajiambia pengine vyuma vya siku hizi ni vyepesi. Hapo ndipo nilipokosea. Baada ya yale ya mtoto niliipeleka dukani kwangu nikaiweka kwenye mizani ile ile inayokaguliwa na watu wa vipimo. Ilikuwa na kilo 11. Debe moja la mahindi linaizidi.

Mdogo wangu akanipigia hesabu, nami nakuandikia ili fundi wenu yeyote aihakiki. Bati la chuma lenye ukubwa wa mita moja mraba na unene wa milimita 1 lina uzito wa kilo 7.85. Sefu hii ina kimo cha sentimita 30, upana wa sentimita 38 na kina cha sentimita 30, kwa hiyo pande zake zote sita zikijumlishwa ni mita mraba 0.636. Kama chuma chake kingekuwa cha milimita 4 kote, kasha tupu peke yake lingekuwa na kilo 20, kabla ya kufuli, makomeo na betri. Kilo 9 zimekwenda wapi? Tulipima kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, kwenye matundu ya bolti, picha ya tatu na ya nne zinaonyesha. Mlango ni milimita 4. Pande nyingine tano, yaani mgongo, ubavu wa kulia na wa kushoto, juu na chini, ni milimita 1.5. Bango lenu halikusema mlango. Lilisema chuma cha milimita 4, na kijana akanishikisha mahali pekee penye unene huo. Mwizi hana haja ya kuhangaika na mlango mnene wakati mgongo ni mwembamba hivyo.

Sokoni kwetu mtu akiweka mahindi mazuri juu ya gunia na mabovu chini, mnunuzi akigundua anarudisha gunia zima, na hakuna anayemwambia kwamba juu palikuwa pazuri.

Habari ya moto nitaieleza kwa ufupi. Nilibandua zulia la ndani kwenye kona moja na nyuma yake pana chuma kitupu. Sefu inayohimili moto huwa na tabaka nene la jipsamu au kitu cha aina hiyo, kwa sababu jipsamu ina maji ndani yake ambayo moto huchelewa kuyamaliza. Yenu ina gundi na zulia, na vyote viwili vinawaka. Tena hizo dakika 60 ni za moto wa joto gani, na nani aliyepima? Vipimo vya kweli husema. Kile cha UL, shirika la Marekani la kupima usalama wa bidhaa, kwa sefu za karatasi hutaka joto la ndani lisizidi nyuzi 177 za Selsiasi kwa muda wote ulioandikwa. Kwa wizi nako kuna vipimo. Ulaya wana kiwango kiitwacho EN 14450 chenye ngazi mbili, S1 na S2, na UL wana cha sefu za nyumbani ambapo mpimaji hushambulia kwa zana kwa dakika 5. Sikudai sefu ya kiwango hicho kwa shilingi 18,500, naelewa bei zake. Lakini msiandike dakika ambazo hamkuzipima. Kama bango lingesema “haihimili moto”, ningeinunua au ningeiacha nikijua, na vyeti vyangu ningeviweka kwingine.

Sasa kufungwa kwake. Nyumba yetu ni ya zamani, kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa kama nyumba nyingi za mtaa huu. Ukitoboa kwa drili unatoka unga mweupe kama wa muhogo, na tundu halishiki. Nilimwambia fundi wenu hivyo. Sakafu ya chumba ni ya saruji, na sefu ina matundu mawili chini kwa kazi hiyo, nikamwomba aifunge sakafuni. Akasema bolti za saruji hakuja nazo, akaipigilia ukutani kwa skrubu mbili za urefu wa kidole na vijiti vya plastiki, akachukua shilingi 1,500 akaenda zake. Siku niliyoitoa kwenda kuipima sikuhitaji spana. Niliivuta kwa mikono miwili ikaja pamoja na skrubu zake. Mimi ni mwanamke wa miaka 58. Kijana mwenye nguvu angeibeba kwapani akatoka nayo hadi barabarani, akaikate kwa raha zake.

Isitoshe, masika haya yameniletea kutu kwenye kona za ndani na kwenye viguso vya betri kwa wiki tano tu. Mnauza vyuma Mombasa, hewa ya bahari mnaijua kama tunavyoijua sisi. Angalau mngemwambia mnunuzi aweke vifuko vya kunyonya unyevu na avibadilishe.

Tarehe 26 Mei nilikuja kwenu nikiwa na funguo zile mbili za dharura mlizonipa, zile za tundu lililofichwa chini ya kibandiko. Nilitaka tu kumwonyesha kijana wenu tundu lilipo. Nikautia ufunguo wangu kwenye sefu ya maonyesho iliyokuwa mezani, nikauzungusha, ikafunguka. Nikaomba ya pili iliyokuwa bado kwenye boksi, ikafunguka nayo. Wateja wawili walikuwa wamesimama pale wakaona. Maana yake ni kwamba kila mtu aliyenunua sefu hii kwenu ana ufunguo wa sefu yangu, nami nina ufunguo wa yake. Nawaomba kwa dhati muwatafute watu hao mkawaambie. Namba zao za simu mnazo kwenye risiti, na kwa wengine mnazo kwenye M-Pesa. Yumkini kati yao wamo wenye watoto wadogo kama mimi.

Kijana wenu alinijibu hivi, na ninayanukuu maneno yake kama yalivyo: “Mama, pesa uliyotoa ndiyo sefu uliyopata. Ukitaka nzuri ongeza.” Kisha akanionyesha maandishi chini ya risiti kwamba bidhaa ikishauzwa hairejeshwi.

Maneno hayo yameniuma kuliko hasara. Pesa yangu ilikuwa kidogo na nilisema ni kidogo. Mwenye pesa nyingi akidanganywa atanunua nyingine wiki ijayo. Mimi zile 20,000 nimeziweka kando kidogo kidogo tangu Novemba, na sina nyingine. Ndiyo maana nilihitaji kuambiwa ukweli zaidi yake yeye. Kwa kiasi kile kile, katika duka lile lile, palikuwa na sefu ya kijivu yenye kufuli la ufunguo ambalo halina sumaku wala betri. Mngeweza kuniambia: mama, achana na taa, achana na vibonyezo, habari ya moto isahau kwa bei hii, weka pesa yako kwenye chuma na kufuli, na kinachobaki kinunulie bolti nne ndefu za kuishika sakafuni. Ningewaombea dua.

Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inanibebesha mimi mwenye leseni jukumu la kuihifadhi silaha mahali ambapo asiyeruhusiwa hawezi kuifikia. Bastola ikiibiwa au ikishikwa na mtoto, atakayesimama mbele ya polisi na mbele ya bodi ya leseni ni mimi. Nanyi mliandika “inafaa kwa silaha”. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, haki ya kupewa maelezo, na haki ya kulindwa usalama wake. Maandishi madogo chini ya risiti hayafuti haki hiyo.

Nawapa siku 14 kuanzia siku mtakayoipokea barua hii. Zikipita bila jibu, nakala yake na picha zitakwenda kwa Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, nami nitafungua madai katika Mahakama ya Madai Madogo hapa Mombasa, ambayo husikiliza madai ya hadi shilingi milioni 1 na haimlazimishi mtu kuja na wakili. Sitaki tufike huko. Nina magunia ya kuuza, nanyi mna duka la kuendesha.

Sefu yenu iko dukani kwangu, imefunikwa kwa gunia, pamoja na funguo zote mbili, zulia lililobanduliwa na zile skrubu. Anayekuja kuichukua aje na pesa na risiti ya kunisainia. Ile ya kijivu, kama hamjaiuza, naweza kuikubali badala ya pesa, mkiongeza bolti na fundi mwenye drili ya saruji. Lakini iletwe kwanza Kongowea, niipime kwenye mizani yangu, na mdogo wangu awepo na kalipa yake.

Wako mteja,
Muuza nafaka, soko la Kongowea
(namba ya simu iko kwenye risiti)