Waya za umeme zinabeba intaneti, ila wauzaji watuambie ukweli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na wenye maduka ya vifaa vya kompyuta, na wenzangu wanaojenga nyumba hapa Tabora.

Ninaishi Kiloleni, kwenye nyumba niliyoanza kuijenga mwaka 1988 nikiwa mtumishi wa reli, upande wa simu na ishara. Ni nyumba ya matofali ya kuchoma, kuta nene, korido katikati, na uani kuna banda la vyumba viwili anakokaa mjukuu wangu. Kutoka sebuleni ilipo ruta hadi kwenye meza yake nimepima kwa futi kamba: mita 23. Katikati pana kuta nne, mlango wa chuma na tangi la maji. Waifai inafika mlango wa jikoni, inaishia hapo.

Mjukuu huyu yuko chuo na masomo yake mengi yanapita kwenye kompyuta. Kwa miezi minne alikuwa akija kusomea koridoni usiku, amekalia ndoo iliyofunikwa, kompyuta mapajani, mbu wakimla, sisi wengine tumelala. Nilipomuuliza akasema, "Babu usihangaike, nitakuwa naweka bando kwenye simu." Sikukubali. Nyumba inalipiwa intaneti kila mwezi, halafu mtoto anunue bando ili asome akiwa ndani ya nyumba hiyo hiyo?

Ndipo nikasikia habari za plagi zinazopitisha intaneti kwenye waya za umeme. Unanunua jozi. Moja unaichomeka karibu na ruta na kuziunganisha kwa waya wa mtandao. Ya pili unaichomeka kule kwenye chumba cha mbali, nayo inatoa intaneti kwa waya au kwa waifai, kutegemea aina uliyonunua. Mimi jambo hili halikunishangaza. Tukiwa reli tulipitisha mazungumzo kadhaa kwenye jozi moja ya waya, kila moja kwa masafa yake, na upande wa pili tukayatenganisha. Hapa ni vivyo hivyo. Umeme wetu unacheza mara 50 kwa sekunde. Intaneti inapandishwa juu yake kwa masafa ya mamilioni, kuanzia milioni 2 hivi kwenda juu. Waya ni ule ule, na viwili hivyo havigombani. Kanuni za kwanza za HomePlug, ambazo viwanda vingi vilizifuata, zilitoka mwaka 2001 kwa mwendo wa megabiti 14 kwa sekunde. Siku hizi maboksi yanaandikwa 600, 1000, hata 2000.

Kwenye namba hizo ndipo penye shida ya kwanza. Boksi langu liliandikwa 600. Muuzaji akaniambia, "Mzee, hii unachomeka tu, kazi imeisha." Hakuniuliza nyumba yangu ina umri gani, wala banda limevutiwa umeme namna gani, wala kama nina mita moja au mbili. Ile 600 ni mwendo wa maabara, kwenda na kurudi vikijumlishwa, kwenye waya safi usio na kitu kingine. Tena tundu la waya wa mtandao kwenye plagi zangu mwisho wake ni megabiti 100, na limeandikwa hivyo kwa herufi ndogo nyuma ya boksi. Kwa hiyo hata nyumba ingekuwa mpya kabisa, 600 isingetoka.

Usiku wa kwanza nilichomeka ile ya sebuleni kwenye ekstensheni, pamoja na runinga na king'amuzi. Taa ikabaki nyekundu. Tulihangaika hadi saa tano. Asubuhi nikaichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, taa ikageuka. Ekstensheni nyingi, hasa zenye kinga ya umeme mwingi, huyameza yale masafa ya juu kwa sababu zinayaona kuwa ni uchafu wa umeme. Sentensi moja tu ya muuzaji, "usichomeke kwenye ekstensheni", ingetuokolea usiku mzima.

Tukapima mwendo wa kutoka plagi ya sebuleni hadi ya bandani: megabiti 11, na kila baada ya muda inakatika. Nikamwita fundi umeme. Alianza kwenye mein swichi, akapanda darini, akafuata waya unaokwenda bandani. Juu ya jiko akakuta kiungo: waya wa fezi, ule unaoleta umeme, na wa nyutro, ule unaourudisha, zimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa selotepu nyeusi, basi. Mpira wa nyutro ulikuwa umebabuka, na mbao iliyo chini yake ina alama nyeusi ya kuungua. Kiungo hicho kiliwekwa na fundi mwingine tulipojenga banda mwaka 2003. Miaka yote hiyo taa ziliwaka, pasi ilipata moto, hakuna aliyelalamika.

Mhariri, nilishuka ngazi miguu ikitetemeka. Mjukuu wangu analala mita chache kutoka pale. Umeme wa kuwasha taa huvumilia kiungo kibovu, lakini ishara ya intaneti ni nyonge, kila kiungo kilicholegea kinaipunguza. Kama si ule mwendo wa 11, tusingepanda darini. Fundi aliweka waya mmoja mzima kutoka kwenye swichi hadi bandani, ndani ya bomba, na soketi mbili mpya. Tulipopima tena tukapata 38. Kifurushi ninacholipia ni cha megabiti 20, kwa hiyo 38 inanitosha na kubaki.

Kukabaki jambo moja. Kila siku kuanzia saa moja jioni mwendo ulishuka hadi 6 au 7, kisha saa nne usiku unapanda wenyewe. Mjukuu alisema kampuni imezidiwa na watu. Mimi nikamwambia tuanze na ndani. Tukawa tunachomoa kitu kimoja kimoja, yeye bandani anapima na kunipigia kelele namba kupitia dirishani. Friji, hapana. Runinga, hapana. Tulipofika chumba cha mama yake, ambaye hurudi kazini saa kumi na mbili na nusu na kuchaji simu, nikachomoa chaja, akapiga kelele: "Thelathini na sita!" Ni chaja ya bei rahisi ya barabarani. Ndani yake umeme unakatwakatwa haraka sana ili upungue, na kama haina kichujio, kelele yake inarudi kwenye waya za nyumba nzima. Balbu za LED za bei ya chini nazo zina tabia hiyo. Tulibadili chaja.

Jirani yangu alipoona, akanunua za kwake. Yeye ana umeme wa fezi tatu, yaani waya tatu zinazoleta umeme badala ya mmoja, kwa ajili ya mashine ya kusaga, na chumba alichotaka kufikisha intaneti kipo kwenye fezi nyingine. Kwake hazikushika ipasavyo, na mashine ikiwashwa zinazima kabisa. Alikuwa amelipa fedha nzuri na duka likakataa kuzirudisha kwa kuwa boksi limefunguliwa. Hili limeniuma zaidi ya usumbufu wangu mwenyewe, maana mtu hawezi kujua kama zitafaa kwake mpaka azichomeke.

Wenye wapangaji nao wasikilize. Chumba changu cha mbele kina mpangaji mwenye mita yake ya LUKU. Nilijaribu kumpelekea intaneti kwa plagi hizi, ikawa inafika kwa shida na kupotea, kwa sababu njia ya kutoka mita moja hadi nyingine ni ndefu na ishara inachoka. Lakini kuchoka si kufa. Plagi nyingi zikitoka kiwandani zinatumia nywila moja inayofanana, na ishara kidogo inaweza kuvuka hadi kwa jirani. Kuna kitufe cha kuoanisha: unakibonyeza kwenye plagi ya kwanza, kisha ndani ya dakika mbili kwenye ya pili, na kuanzia hapo zinazungumza kwa siri yao wenyewe. Kifanyieni kazi kitufe hicho siku ya kwanza.

Niseme pia kwamba redio yangu ya mawimbi mafupi sasa inakoroma nikiiweka kwenye umeme, kwa kuwa plagi hizi zinatumia masafa yale yale. Nimehamia kwenye betri na kuisogeza barazani. Na radi za masika zikianza, ninazichomoa zote mbili, kwa kuwa zimeshika umeme kwa mkono mmoja na ruta au kompyuta kwa mkono mwingine.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye maduka: muulizeni mnunuzi maswali matatu kabla ya kupokea fedha yake. Vyumba viwili viko kwenye mita moja? Ni fezi moja au tatu? Waya zimewekwa lini, na nani aliyeziangalia mara ya mwisho? Halafu mpeni siku mbili za kujaribu, arudishe kama hazikushika. Mteja aliyerudisha leo kwa amani atakuja kesho kununua waya au ruta ya pili.

Na kwa anayejenga sasa hivi, plagi hizi huzihitaji kabisa. Kabla ya kupiga lipu, mwambie fundi alaze bomba moja tupu kutoka sebuleni hadi kila chumba cha mbali na hadi bandani, tofauti na bomba la umeme, na aache uzi ndani yake wa kuvutia waya wa mtandao baadaye. Ukuta ukishafungwa, kazi hiyo hiyo itataka tindo na nyundo.

Jozi yangu ipo. Jirani yeyote wa Kiloleni anayetaka kununua na aje aichukue kwa siku mbili akajaribu nyumbani kwake kwanza, na nikiwa na nafasi nitakwenda naye kuangalia soketi.

Mstaafu wa reli,
Kiloleni, Tabora