Si kila PDF isiyofunguka imeharibika

Mhariri,

Barua za kujiunga na vyuo zinapotoka, na ritani za kodi zinapokaribia makataa ya Juni 30, saiba za Nakuru na Kisumu hujaa watu. Inasikitisha kuona jinsi mteja anavyoambiwa haraka kwamba faili yake imeharibika, kisha anatozwa tena ili hati itafutwe upya. Mara nyingi hati yenyewe ni nzima.

Nawasihi wahudumu waanze kwa kutazama ukubwa wa faili. Barua ya kurasa kadhaa ikisoma KB 0 au KB 2, hiyo si barua. Huenda muda wa kukaa ndani ya akaunti ulikwisha, tovuti ikaleta ukurasa wa kuomba nywila, nacho kivinjari kikauhifadhi kwa jina la .pdf. Kupata uhakika, ifungueni kwa Notepad, programu ya maandishi ya Windows. PDF halisi huanza kwa %PDF. Mkibonyeza Ctrl na End, mtakuta %%EOF huko chini. Mkiona html mwanzoni, mteja aingie upya kwenye akaunti ndipo mpakue. Kama mwanzo upo na mwisho haupo, intaneti ilikatika kabla upakuaji haujaisha. Kurudia kupakua si kazi mpya ya kutozwa pesa.

Faili ikiwa nzima na bado ukurasa ni mweupe, jaribuni kivinjari kingine. Chrome, Edge na Firefox zote zina kisomaji chake cha PDF. Firefox inacho tangu 2013. Ikifunguka huko, rudini kwenye kile cha kwanza mtumie hali fiche (Incognito), ambayo kwa kawaida huacha viendelezi, yaani programu ndogo zilizoongezwa kwenye kivinjari, vikiwa vimezimwa. Ikikubali, zimeni viendelezi kimoja kimoja, mkianza na vya kuzuia matangazo. Chrome inayopakua kila hati badala ya kuionyesha haina ugonjwa: andikeni chrome://settings/content/pdfDocuments kwenye sehemu ya anwani, mchague PDF zifunguliwe humo humo. Na mkibofya hati pasitokee chochote, tazameni mwisho wa sehemu ya anwani, kwani huenda dirisha ibukizi (pop-up) limezuiwa.

Kuna fomu ambazo huonyesha tu ujumbe wa Kiingereza wa kukutaka usubiri, na ukisubiri hadi jioni hazibadiliki. Hizo zimeundwa kwa XFA, mfumo wa pekee wa kuunda fomu za PDF, ambao Chrome haiuonyeshi. Ipakueni, kisha muifungue kwa Adobe Reader kwenye tarakilishi, au kwa Firefox, ambayo inaisoma XFA tangu toleo la 93 la mwaka 2021. Hapa mhudumu hana lawama. Ofisi inayotoa fomu kama hiyo kwa wananchi ambao wengi wao wana simu pekee inawafungia mlango, na ingefaa itoe PDF ya kawaida.

Kwenye tarakilishi kuukuu, kagueni pia tarehe. Betri ndogo ya CR2032 ya volti 3 iliyo kwenye ubao mkuu ikiisha, saa hurudi nyuma miaka mingi kila umeme unapopotea, na kivinjari hukataa vyeti vya usalama vinavyothibitisha tovuti, kikatoa onyo. Tovuti isipofunguka, hati itatoka wapi? Rekebisheni saa, mbadilishe betri. Msimzoeze mteja kulipita onyo hilo.

Taarifa ya benki inayoomba nywila haijaharibika. Imefungwa makusudi, na mwenye nywila ni mteja. Tafadhali msiipeleke kwenye tovuti za bure zinazodai kufungua au kutengeneza PDF, kwa kuwa mnamkabidhi mtu msiyemjua jina, nambari ya akaunti na miamala ya mteja wenu. Akishachapishiwa, futeni nakala iliyobaki kwenye folda ya vipakuliwa na kwenye pipa la taka, kabla mteja mwingine hajakalia kiti hicho.

Fundi wa tarakilishi,
Nakuru