Tubane maji bomba likiwa bado linatoka

Mhariri,

Kila ukame unapoingia, magazeti hujaa picha za mabwawa ambayo tope lake limekauka na kupasuka. Sisi wasomaji husikitika, halafu kesho yake asubuhi tunapiga mswaki huku bomba linamwaga. Naandika kwa sababu tunaanza kubana matumizi tukiwa tumeshachelewa, na tukianza, tunaacha kando mahali ambapo maji yanapotea zaidi.

Nitaeleza lililonikuta. Usiku mmoja, watu wote nyumbani wakiwa wamelala, nilifunga mabomba yote, nikachukua tochi, nikapiga magoti mbele ya mita ya maji. Kile kigurudumu kidogo chekundu kilikuwa kinazunguka. Polepole sana, lakini kilizunguka. Hakuna aliyekuwa anaoga wala kufua. Nilipapasa chini ya kila sinki, pote pakavu. Mwishowe nikatia matone machache ya rangi ya chakula kwenye tangi la choo, nikasubiri nusu saa bila mtu kuvuta maji. Nilipomulika bakuli, maji yake yalikuwa mekundu. Mpira wa chini ya tangi ulikuwa umekakamaa na haukai sawasawa kwenye tundu lake, na pengine kwa miezi kadhaa maji safi yalikuwa yakiteremka usiku na mchana bila sauti yoyote. Kubadilisha mpira ule hakukuchukua hata saa moja.

Choo kinachovuja hivyo kinaweza kupoteza mamia ya lita kwa siku. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde hupoteza takribani lita 20. Sasa fikiria wakazi wa Cape Town, Afrika Kusini, ambao Februari 2018, baada ya miaka mitatu ya mvua haba, waliwekewa kikomo cha lita 50 kwa mtu kwa siku kwa kila kitu: kunywa, kupika, kuoga, kufua na choo. Choo cha zamani humeza lita 13 au zaidi kila kinapovutwa, kwa hiyo mara nne tu kilitosha kumaliza mgawo wa mtu mzima. Hata vyoo vipya vya lita 6 si haba. Ndiyo maana watu wale waliweka beseni chini ya bomba la mvua, wakaoga haraka, na maji yaliyobaki kwenye beseni ndiyo yaliyomwagwa chooni. Matumizi ya jiji zima yalishuka kwa zaidi ya nusu ya yale ya miaka mitatu nyuma, na ile siku iliyoogopwa ya kufunga mabomba na kupanga foleni ya lita 25 kwa kichwa haikufika.

Najua kuna watakaosema kilimo ndicho kinachotumia maji mengi, kiasi cha asilimia 70 ya maji baridi yote yanayochukuliwa duniani. Ni kweli. Lakini bwawa linalolisha bomba lako halijazwi na hesabu za dunia nzima, na kinachotoka humo kwa uzembe hakirudi. Wengine watauliza kuhusu mabomba makuu yanayopasuka barabarani na kumwaga siku tatu bila fundi kuonekana. Hao nawaunga mkono kwa moyo wote. Mamlaka za maji zinazotuomba tubane matone zinapaswa kuziba mito yao kwanza. Wala barua hii haimhusu anayebeba maji kwa dumu kichwani, kwa maana yeye anajua uzito wa kila lita kuliko sisi tunaozungusha koki tu.

Nje ya nyumba ndiko ninakoona makosa yanayoniuma. Watu wanamwagilia nyasi saa saba mchana, jua likiwaka, na mti wa kivuli wenye miaka thelathini unanyauka pembeni. Nyasi za aina nyingi hugeuka kahawia wakati wa kiangazi, mizizi ikabaki hai chini, na mvua ikirudi zinachipua. Mti ukifa umekufa, na wa kuziba pengo lake utausubiri nusu ya maisha yako. Kama maji ni kidogo, acha nyasi zikauke, okoa mti. Mwagilia alfajiri au jioni, polepole, mbali na shina, kuelekea ukingo wa kivuli chake ambako mizizi inayonyonya ipo. Mara moja hadi maji yazame ni bora kuliko kunyunyiza kila siku. Kisha tandaza majani makavu juu ya udongo, unene wa kiganja, bila kugusa shina. Chimba kwa kidole siku ya tatu uone: chini ya matandazo udongo bado una ubaridi.

Maji ya kuogea na ya kusuuzia nguo yanaweza kwenda kwenye miti hiyo, ila kwa uangalifu. Yatumike siku hiyohiyo, maana yakilala yananuka na kuzaa vijidudu. Yasiwe na dawa ya kung'arisha nguo, na yasimwagwe kwenye mboga zinazoliwa mbichi. Maji safi unayoyahifadhi yafunikwe vizuri, mbu wasipate pa kutagia. Na siku wingu litakapodondosha hata kidogo, kumbuka kwamba milimita 1 ya mvua kwenye paa la mita za mraba 100 ni karibu lita 100, kama mifereji ya paa ni safi na kuna pipa linalosubiri.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni moja. Kila wiki mnachapisha matokeo ya mpira ukurasa mzima. Tafuteni kona ndogo ya ukurasa wa mbele muandike kina cha bwawa letu wiki hii, kando yake kina cha wiki iliyopita, na lita ambazo watu wametumia. Muendelee hata mvua zikirudi.

Msomaji wenu wa siku nyingi