Harambee ya Ngoma ya Daku: Kumkumbuka Mpiga Ngoma wa Mji wa Kale

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu zetu wa Mji wa Kale, mlioko Mombasa na mlioko mbali, Muscat, Jeddah, London na kwingineko: kamati ya mtaa, walimu wa madrasa na kina mama wa chama tunawaita kwenye harambee. Tunatafuta shilingi 300,000 ili ngoma ya daku irudi mitaani kwetu Ramadhani ijayo, na tunaifanya kwa kumkumbuka mzee aliyetuamsha kwa zaidi ya miaka thelathini. Jina lake hamtaliona humu. Watoto wake wametuambia kwamba mwenyewe hakupenda kutangazwa, na aliyekulia Kibokoni, Kuze au Mlango wa Papa hana haja ya kutajiwa.

Kwa vijana ambao hawakumdiriki, tuseme kidogo. Mchana alikuwa hamali Bandari ya Zamani, akishusha tende na samaki wakavu majahazi yalipoingia na kaskazi, akipakia boriti yalipongoja kusi yarudi Arabuni. Ramadhani ikiandama, ule mgongo uliobeba magunia mchana ulibeba ngoma usiku. Alianza kabla ya Uhuru wa 1963 na akaendelea hadi miaka ya tisini, magoti yalipokataa.

Alikuwa akizunguka mara mbili. Mzunguko wa kwanza ulikuwa saa nane na nusu za usiku, kwa mapigo ya polepole, nao ulikuwa wa wapishi: mama apate wasaa wa kuwasha jiko na kupasha wali. Wa pili ulikuwa saa kumi, mapigo ya haraka, kwa wale wanaoamka sahani iko tayari mkekani (wanaume wengi tulikuwa kundi hili, tusijifiche). Akimaliza wa pili, palibaki muda wa kula, kusukutua na kutia nia kabla ya adhana ya Alfajiri. Watu walisema ana saa kichwani. Ukweli ni kwamba alikuwa akichungulia saa ya msikiti kila akipita, na Mombasa tuko karibu na Ikweta, alfajiri yetu haihamihami kama ya nchi za kaskazini.

Kilichohama ni Ramadhani yenyewe. Kila mwaka inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja, na kwa miaka kama 33 inakuwa imezunguka kalenda nzima. Kwa hiyo mzee huyu alifunga na kupiga ngoma katika kila msimu Mungu aliotupa: joto la kaskazi, masika, upepo wa kusi, vuli. Masika ndiyo iliyomtesa. Ngozi ya mbuzi hunywa unyevu, ikilegea ngoma hutoa sauti ya debe lililojaa mchanga. Basi alikuwa na vituo vyake. Nyumba fulani za Ndia Kuu walimwekea moto wa vifuu barazani, akasimama kuikausha ngoma, akapewa kikombe cha kahawa, akaendelea. Nyumba zile zilihesabu kuweka moto ule kuwa sehemu ya funga yao, na bibi zetu waliwarithisha mabinti kazi hiyo.

Lakini tukisema tu kwamba alituamsha tutakuwa tumempunja. Mtu anayepita mlango kwa mlango usiku, mwezi mzima, hujua mambo ambayo hata kamati haiyajui. Alijua nyumba ipi taa haiwaki kwa sababu wenyewe wamesafiri na ipi haiwaki kwa sababu hakuna mafuta ya taa, na ya pili asubuhi yake ilipata mafuta, bila mtu kusikia yametoka wapi. Kwa wazee wanaoishi peke yao alipiga pigo moja mbele ya mlango, akangoja aitikiwe. Asipoitikiwa aligonga kwa jirani. Ndivyo alivyookolewa bibi mmoja wa Kuze aliyeteleza chooni akavunjika nyonga. Angelala pale hadi mchana. Mbele ya nyumba za majirani wasiofunga alipapasa ukingo wa ngoma kwa vidole tu, na alipofika msikitini alinyamaza kabisa, akavuka, kisha akaanza tena upande wa pili. Msikiti wa Mandhry, ambao husemwa ulijengwa 1570, haukuwahi kupigiwa ngoma na mkono wake.

Hili la msikiti tunalitaja kwa makusudi, kwa kuwa wako wanaotuuliza kama ngoma na Ramadhani vinapatana. Suala la fikihi tumewaachia wenye elimu yake, na maimamu wetu wametupa masharti: hakuna nyimbo za mzaha, hakuna kucheza, kimya mbele ya misikiti na nyumba zenye msiba au mgonjwa. Hayo ndiyo aliyokuwa akiyafuata mzee bila kuandikiwa. Na mji huu haujawahi kuwa mgeni wa ngoma za mitaani. Ni Lamu na Mombasa zilizozaa beni, ngoma ya mashindano iliyoiga bendi za kijeshi, miaka ya 1890, na babu zetu walishindana kwa vikundi vya Kingi na Skochi, magwanda na tarumbeta, hadi watu wakafilisika kwa kutaka kuwashinda wenzao. Ngoma ya daku ilikuwa kinyume cha beni. Haikuwa na mshindani wala magwanda, na mshahara wake ulikuwa mkono wa Idi, anachotoa mwenye nacho siku ya Idi baada ya swala.

Alipoacha, wanafunzi wake waliendelea, wawili watatu, kwa kusuasua. Kilichovunja mnyororo ni kafyu ya korona. Ilianza 27 Machi 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na Mei ile, Ramadhani ikiwa katikati, Mji wa Kale wenyewe ukafungwa, hakuingia mtu wala hakutoka. Ramadhani ya 2021 nayo ikatukuta ndani ya kafyu. Ramadhani mbili mfululizo bila ngoma ni nyingi kwa kazi inayofundishwa kwa kumfuata mtu nyuma gizani. Kafyu ilipoondolewa Oktoba 2021, mmoja wa wale wanafunzi alikuwa Doha kikazi, mwingine hakuwa na nguvu tena, ngoma nyingi zimeliwa na mchwa. Tangu hapo kila mtu anaamshwa na simu yake, na simu haimwamshi jirani.

Katika kamati palikuwa na mabishano, na ni haki myajue kabla hamjatoa mifukoni. Wenzetu walipendekeza kibao cha marumaru chenye maandishi kwenye kona ya Ndia Kuu. Wengine walitaka ngoma yake, ambayo familia bado wanayo, ipelekwe makumbusho ya Fort Jesus ikae ndani ya kioo, watalii waione. Yote mawili yangetugharimu kidogo kuliko hili. Tumeyakataa kwa kura, na anayeandika haya alikuwa miongoni mwa waliokataa. Mzee aliyekwepa kutajwa jina tukimwandika kwenye marumaru tutakuwa tunajifurahisha sisi wenyewe.

Fedha zitakwenda hivi. Ngoma mpya sita, za mti mzuri na ngozi ya mbuzi iliyowambwa na fundi anayejua kazi, kila moja 15,000, jumla 90,000. Kuwamba upya ngoma tatu za zamani, ikiwemo ya mzee, ambayo familia imekubali ipigwe tena, 24,000. Vijana wanane watakaozunguka watapewa 500 kila usiku kwa siku thelathini, yaani 120,000. Tunajua mzee hakulipwa, lakini hatuwezi kumtaka kijana wa leo asiye na kazi apoteze usingizi mwezi mzima kwa dua peke yake. Fulana zinazong'aa, tochi na vitambulisho ni 16,000. Hizo msizione ndogo: kijana anayetembea saa nane usiku siku hizi hutazamwa vibaya, na hatutaki mtoto wa mtu adhaniwe mwizi. Chifu na kituo cha polisi watapewa majina na njia za kila kundi kabla ya mwezi kuandama. Zilizobaki, 50,000, ni za mafunzo: yule mwanafunzi mkongwe amekubali kukaa na vijana uani mwa madrasa kila Jumamosi, na hatutamwacha arudi nyumbani mikono mitupu.

Atawafundisha pia ule ukaguzi wa milango. Kila kundi litakuwa na orodha ya wazee wanaoishi peke yao, na mlango usioitika utaripotiwa kwa mjumbe wa nyumba kumi usiku huohuo. Kama una mzazi au shangazi Mji wa Kale na wewe uko mbali, tuletee jina lake, uchange usichange.

Hadi tunaandika, michango ya Ijumaa na chama cha kina mama imefika 87,500, na zaidi ya nusu imetoka kwa kina mama. Zimebaki 212,500. Harambee yenyewe ni Jumapili ya mwisho ya mwezi wa Rajabu, uani mwa madrasa, baada ya swala ya Alasiri. Kahawa na kaimati zipo. Mshika fedha atasoma hesabu hadharani siku hiyo na tena wiki ya kwanza ya Shawwali, na kila shilingi itakayozidi itaingia kwenye mfuko wa kuwamba ngoma mwaka wa pili. Wanaotuma kwa M-Pesa watumie namba ya Paybill iliyobandikwa mlangoni mwa madrasa, ambayo pia imewekwa kwenye kundi la mtaa. Msitume kwa namba ya mtu binafsi hata akijitambulisha kuwa ni mmoja wetu.

Asiye na fedha tunamhitaji vilevile. Ngozi za mbuzi tunazipokea wakati wowote. Za udhuhiya haziuzwi, ila kuzitoa sadaka inafaa, basi Idi ya Kuchinja ikifika msizitupe. Zitiwe chumvi siku hiyohiyo, zikunjwe manyoya yakiwa nje, na ziletwe madrasa kabla ya Adhuhuri ya siku ya pili. Na aliye na ngoma au tari la zamani uvunguni, hata lililopasuka, aje nalo Jumapili ile. Fundi atakuwepo, atalitazama bure.