Barua kwa mwana wa ami: nyumba ya Mkomani isivunjwe

Mwana wa ami, asalaam aleikum.

Ujumbe wako wa sauti umesikika na ukoo mzima, kwa hivyo nami nakujibu mbele ya watu. Wataka ghorofa ya juu ya nyumba yetu ya Mkomani, hapa mjini Lamu, ivunjwe, boriti zitolewe, imwagwe zege, yatiwe madirisha ya alumini, kisha nyumba ikodishwe wageni. Hayo ndiyo maendeleo, wasema, na mapambo tutayatia mwisho pesa zikibaki. Hapo sikubaliani nawe hata kidogo.

Hayo unayoyaita mapambo ndiyo yaliyoishika nyumba ile miaka yote hii. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunywa unyevu wa masika, kisha huutoa polepole. Ukiupiga plasta ya saruji, unyevu na chumvi hubaki ndani, na haipiti miaka mingi plasta inabambuka pamoja na uso wa jiwe. Nondo nazo kwa hewa yetu ya bahari hushika kutu, zikavimba, zikapasua zege. Boriti ya mkoko ikioza, fundi huitoa hiyo moja tu akatia nyingine. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na nyumba inayotunzwa hivyo hudai miti michache.

Ukija, ingia ndani kabisa usimame mbele ya zidaka, vile vishubaka vya nakshi vya ukutani, asubuhi, jua likiwa limefika kiwandani, yaani ua wa ndani. Fundi alizikata nakshi zile chokaa ikiwa bado mbichi, safu juu ya safu, na weupe wake huurudisha mwanga hadi kwenye pembe isiyo na dirisha. Mchana huwashi taa mle. Aliyetafuta uzuri na aliyetafuta mwanga ni mtu mmoja, kwa mkono mmoja, na mimi siwezi kuvitenga viwili hivyo.

Lakini ndivyo tunavyofanya kila siku. Akija mgeni rasmi, utamaduni huitwa upige ngoma. Siku ya kupanga bajeti hauitwi. Hata Malengo 17 ya maendeleo endelevu ya Umoja wa Mataifa, yaliyopitishwa 2015, hayakuupa utamaduni lengo lake wenyewe. Urithi umetajwa katika kifungu cha 11.4, chini ya lengo la miji.

Mahakama Kuu ya Malindi iliupa uzito zaidi. Mwaka 2018, katika kesi ya bandari ya LAPSSET, mradi wa kuiunga Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, iliamua kwamba haki ya utamaduni ya watu wa Lamu ilivunjwa, sawa na haki yao ya mazingira safi, ikaagiza wavuvi walipwe shilingi bilioni 1.76. Tuliifurahia hukumu ile, wewe pia. Sasa vipi tudai serikali iuheshimu utamaduni wetu, nasi tuuvunje kwa nyundo zetu Mkomani?

Na huyo mgeni unayemngoja, anafuata nini? Mji Mkongwe wa Lamu uliingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001 kwa sababu ya nyumba kama hii na watu wanaoishi ndani yake. Chumba cha zege atakipata kokote. Pia fikiri pesa zinakwenda wapi: za alumini zavuka maji, za chokaa na mlango wa nakshi zalala hapa mjini, kwa fundi na vijana wanaojifunza kwake. Vijana hao wakikosa kazi wataiacha, na baada yao hutampata wa kukukarabatia hata daka la mlangoni.

Choo na mabomba yafanywe upya, sina ubishi. Nyaya za umeme pia, zile ni hatari. Lakini usitie sahihi kwa mkandarasi kabla ya kikao cha familia. Nitampeleka fundi wa chokaa aikague ghorofa ya juu, niwaletee makadirio yake kikaoni, na fungu langu la kodi ya pango ya mwaka huu liingie kwenye kazi hiyo.